Kibaraza Mbele ya Geti la Kliniki

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, oveni inawaka na magoti yanakubeba. Sisi huku hatujambo. Wifi yako hajambo pia, ila hajasema nami tangu Jumatatu kwa sababu nimechukua meza yake ya kupigia pasi. Binti yetu amepata kazi ya kupokea simu katika ofisi ya mawakili, na siku hizi hata nyumbani ukimwita anajibu, "Subiri kidogo nikuunganishe."

Nakuandikia kwa sababu ulisema sauti yangu kwenye simu inakupandisha presha. Sawa. Karatasi haina sauti.

Unajua nilipima malori miaka ishirini na mitatu pale mizani ya barabara kuu. Mwezi wa kumi na moja walileta mtambo unaopima gari likiwa linatembea. Basi na karani naye wakamwambia atembee. Sikulia, Dada. Nilikaa wiki mbili nikitazama dari, kisha nikajiuliza: mimi najua kazi gani? Kupima. Na watu wa mji huu wana shida gani? Uzito!

Sasa nina biashara ya mimea. Nimepanga kibaraza mkabala kabisa na geti la kliniki, maana wagonjwa wote wanapita pale wakiingia na wakitoka. Nina mizani, nina koti jeupe, nina bidhaa tatu. Kuna Unga wa Kushibisha: kijiko kimoja kwenye maji, unavimba tumboni, mtu hataki hata kuona sahani. Kuna Chai ya Kiuno. Na kuna Jani la Sukari, ambalo ukilitafuna dakika tano kisha ukaweka sukari ulimini, unasikia mchanga mtupu. Ulimi ukiikataa sukari, na damu inaikataa. Watu wananiita Daktari Majani. Sikuwaomba.

Nimekuwekea vyote vitatu kwenye kifurushi. Tumia, kisha uniambie.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu, Daktari,

Marahaba. Mimi mzima, oveni nzima, magoti yanalalamika lakini yanafanya kazi, tofauti na watu fulani. Mwanangu wa kwanza amehamia nyumba yenye ngazi nyingi, nadhani ili nisimtembelee. Mpe wifi yangu pole na umrudishie meza.

Bidhaa zako nimezipokea. Unga wa Kushibisha nimeuonja. Ni kweli sikutaka kuona sahani, wala kikombe, wala wewe. Ule si ndio tuliokuwa tukigundishia bahasha shuleni?

Chai ya Kiuno pia imefanya kazi. Nilishinda chooni siku mbili. Mtu yeyote akifungiwa chooni siku mbili kiuno kitapungua, hahitaji daktari, anahitaji kitasa kibovu tu.

Lebo yako nimeisoma mara tatu kwa sauti, na wasichana wangu wa jikoni wakaomba niirudie. "Huondoa unene, wembamba, sukari, presha, usahaulifu na kukosa bahati kazini." Unene na wembamba dawa yake moja? Inajuaje huyu amekuja kwa lipi? Na kama inaleta bahati kazini, wewe mbona hukuinywa mwezi wa kumi na moja?

Jani sijalijaribu. Mimi ni mwoka keki. Kunipa jani la kuua utamu ni kama kumpa rubani kitambaa cha kufunga macho.

Kabla sijasahau. Nina jirani, mwanamke wa umri wangu, mwili kama wangu. Mwezi uliopita kliniki walimkuta na sukari wakampa vidonge. Havipendi, vinamchafua tumbo, na hataki watu wajue. Anauliza: akitumia hilo jani lako, anaweza kuacha vidonge? Mimi nimemwambia wewe ni mpima malori. Lakini anasisitiza nikuulize, nami nimeuliza.

Dada yako


2 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo tena. Barua yako nilimsomea wifi yako, akacheka hadi akasahau kwamba hasemi nami. Kwa hilo nakushukuru. Kwa mengine sikushukuru. Tangu utoto ukiona mtu anapanda, unashika ngazi na kuuliza kama ina misumari.

Mapafu yangu mazima, binti mzima, mvua imeanza na paa la kibaraza halivuji sana.

Sasa jirani yako. Mwambie aache vidonge. Aache kabisa. Vidonge na jani ni kama madereva wawili kwenye usukani mmoja, gari litaishia mtaroni. Jani asubuhi, jani mchana, jani jioni, unga kabla ya kulala. Siku saba atasahau kwamba aliwahi kuumwa.

Na kama hamwamini daktari, amtazame mgonjwa. Unakumbuka walinikuta na sukari miaka sita iliyopita? Leo nitazame! Natembea, nacheka, napima watu arobaini kwa siku. Situmii kitu ila majani. Wanaotoka pale getini na mifuko ya vidonge nawaambia hivyohivyo, nao wananiona nilivyo, wanaamini.

Nimeongeza majani pakiti mbili, za jirani. Asihofu.

Mdogo wako


28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku joto. Mjukuu wangu ameota jino na amelijaribu kwenye kidole changu. Wengine wote wazima.

Keti chini nikusimulie, maana najua utalisikia kwa watu wengine na watalipunguza.

Nilitafuna jani lako. Kwa kujaribu tu, usivimbe kichwa. Nililitafuna Ijumaa saa tatu asubuhi, nikasahau kwamba saa tatu na nusu nachanganya krimu ya keki ya harusi. Keki ya ghorofa nne, ya binti wa mkurugenzi wa shule. Nikaonja krimu. Chaki! Nikasema, hawa wasichana wamesahau sukari. Nikaongeza. Nikaonja. Chaki. Nikaongeza tena. Msichana mmoja akasema, "Mama, mbona inasaga kwenye mwiko?" Nikamwambia miaka thelathini nachanganya krimu, yeye hata kofia ya jikoni hajui kuivaa. Nikaongeza mara ya nne.

Dada yako nilikaa meza ya tatu ukumbini, nimevaa gauni jipya, nikisubiri kusifiwa. Bibi harusi akamlisha bwana harusi. Bwana harusi akatafuna mara moja, akasimama kutafuna, akatazama watu kama mtu aliyeulizwa swali mahakamani. Akameza. Akasema, "Maji." Mama mzaa bibi harusi alitema kwenye leso. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alikula vipande vitatu, lakini huyo nasikia hata sabuni amewahi kula.

Wamenirudishia ghorofa tatu nzima. Hata sisimizi hawakuja. Wateja wawili wa mwezi ujao wamesema watatafuta mtu mwingine, "mama amechoka."

Kwa hiyo nakiri: kati ya bidhaa zako tatu, jani linafanya kile ulichosema. Linaua ulimi. Kuhusu damu bado sijui.

Jirani ameacha vidonge kama ulivyoagiza. Anaendelea. Anasema ana kiu tu, anakunywa maji kama rejeta ya gari inayovuja, na maandishi madogo hayasomi vizuri. Amepungua lakini. Nguo zinamcheza. Anafurahia hilo.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mteja akashuka kwenye mizani akidhani namcheka yeye. Pole, lakini kubali: hilo ni tangazo. Nimeanza kulisimulia kibarazani, nimebadilisha tu kwamba mwoka keki alipona.

Wifi yako ana mafua. Binti amepandishwa cheo, sasa ana simu mbili za kutuunganisha.

Jirani asihofu kiu. Hiyo ni sumu inatoka. Macho nayo yanasafishwa, yatarudi makali zaidi. Kupungua si ndiko alikotaka? Mwambie aongeze unga.

Majani yamepungua, mvua imeharibu mzigo, lakini siwezi kumwacha jirani yako katikati ya safari. Basi la leo linaondoka sasa hivi, nimebeba tu kopo langu mwenyewe la unga kutoka kabatini, lile la bluu, nimelifunga vilevile. Ni la daktari mwenyewe, mwambie ajione mwenye bahati.

Kwa haraka,

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Umenisalimu shikamoo tatu tangu mwaka huu uanze, zote nimeziitikia. Hii haina salamu. Mwezi mzima nimenyamaza, nawe hukuuliza kwa nini.

Tarehe ishirini na tisa Aprili, saa nne asubuhi, nilikuwa nachekecha unga. Nikaona meza inasogea. Nikaishika, nayo ikanikimbia. Nikaangukia gunia lililo wazi. Wasichana walioniokota wanasema nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kifuani, mmoja akapiga kelele akidhani ni mzimu. Hospitali wakanichoma kidole, na kile kimashine chao kikaandika kwamba sukari yangu imepita uwezo wake wa kuhesabu. Siku mbili sikujua niko wapi. Siku kumi na moja nililala pale. Watoto walitaka kukupigia, nikawakataza.

Jirani ni mimi. Hakuna mwanamke mwingine wa umri wangu na mwili wangu. Nilificha kwa sababu mwoka keki mwenye sukari ni kichekesho, na katika familia hii mimi ndiye ninayecheka wengine. Hilo ni kosa langu, silikupi wewe. Mficha maradhi kilio humfichua, na changu kilikuwa kimeshaanza kupangwa: mwanangu alishuka ngazi zake zote.

Sasa sikiliza langu jingine.

Nilipotoka nilichukua lile kopo lako la bluu niende kulimwaga. Ule unga ulipotoka, kikatoka na kibahasha. Ndani yake, vidonge. Vya sukari, aina ileile niliyopewa mimi na ukaniambia niache. Sitini vilikuwa, thelathini na sita vimebaki. Kwenye kibahasha kuna muhuri wa kliniki iliyo mbele ya kibaraza chako, jina lako, umri wako, sahihi yako, tarehe tatu Aprili. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula."

Kama ungekuwa mjinga ningekusamehe leo hii. Mjinga anakupa anachokula mwenyewe. Wewe ulijua dawa ni ipi, ukaila, ukaifunika kwa unga, ukanipa mimi unga.

Wasemao mganga hajigangi hawajakutana nawe.

Dada yako


11 Juni

Dada mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika. Pole sana, pole tena. Nimeumia kusikia.

Huku mvua imekatika. Wifi yako mafua yamekwisha. Tumepaka rangi mlango wa mbele, kijani. Binti anasalimia.

Kuhusu hivyo vidonge: ni vya rafiki yangu. Aliniomba nimhifadhie, kwake kuna watoto. Nilisahau kabisa kwamba niliviweka humo.

Pumzika sana.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Rafiki yako ana jina lako, umri wako na sahihi yako yenye ule mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho. Mnafanana sana. Nisalimie kwake. Mwambie nampenda, na asiache dawa.

Dada yako


25 Julai

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Salamu zimeisha.

Rafiki yangu amepata ujumbe wako. Alikaa nao chooni, akafunga mlango, na wifi yako akamwacha humo mpaka alipomaliza.

Nitakueleza bila kupamba. Nilipoanza niliamini. Mwezi wa Desemba niliacha vidonge vyangu kweli, nikala majani kama mbuzi. Kufika mwaka mpya nikawa sioni namba kwenye mizani yangu mwenyewe. Mtu wa kilo tisini nikamwambia ana sitini, akanikumbatia. Wifi yako alinishika mkono akanipeleka kliniki kwa geti la nyuma. Wakanirudishia vidonge, macho yakarudi. Wewe nilikuandikia Februari, Dada. Nilikuwa nimeshajua.

Tangu hapo, kila mwezi nilifunika meza kwa shuka, nikazunguka geti la nyuma, nikapanga foleni, nikapewa dawa yangu. Kisha nikazunguka tena mbele, nikavaa koti jeupe, na wale niliopanga nao foleni nikawaambia watupe walichopewa. Unaniuliza nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri. Hilo ndilo baya. Miaka ishirini na mitatu madereva walinitukana kupitia dirisha. Pale kibarazani watu walinivulia kofia.

Kibaraza nimekibomoa. Mhudumu wa geti wa kliniki alinisaidia kubeba mbao, akaniuliza kama nimepata duka kubwa zaidi.

Mimi ni karani, kwa hiyo nina daftari la uzito wa kila mtu aliyepanda mizani yangu. Nimelipitia nikawatoa wale niliowaambia kwa kinywa changu waache vidonge. Kumi na saba. Nimekwenda nyumba kwa nyumba, na kibahasha changu mkononi, nikasema: mimi natumia hivi, nilikudanganya, rudi kliniki.

Wawili walinifukuza. Mmoja wao alinitupia ndoo, haikuwa na maji safi. Mama mmoja muuza vitambaa alicheka mpaka akashika ukuta. "Daktari, hivi ulidhani mimi niliacha? Vidonge vyangu nilimeza kila siku. Kwako nilikuwa nakuja kwa mazungumzo." Huyo amenipa usingizi wa siku tatu. Tisa wamerudi kliniki, nimewaona kwenye foleni, hawanisalimii. Watatu wamehama, sijui walipo, bado nauliza.

Hao ni kumi na watano. Wa kumi na sita ni wewe, nilikuandika kwa penseli.

Wa kumi na saba ni fundi saa. Mtu mpole, anakaa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mke wake alinifungulia, akaninyooshea kidole chumba cha ndani. Fundi amekaa kitandani, saa ya ukutani ya mteja imefunguliwa mapajani. Mguu wa kulia umeishia hapa, chini ya goti. Kilianza kidonda cha kiatu, hakikupona. Waliukata Juni.

Aliponiona uso ulimng'aa. "Daktari Majani! Nimemwambia mke wangu utakuja. Umeleta unga?"

Nikamweleza yote. Nikatoa vidonge nikaviweka kwenye shuka mbele yake. Akavitazama, akatabasamu kama mtu aliyegundua mtego. Akasema, "Unanipima imani. Nilikosea mimi, siku nyingine nilisahau jani la mchana. Safari hii sitasahau." Vidonge vya hospitali havimezi. Viko kwenye droo ya vipuri. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, ananitazama.

Nilimbembeleza hadi sauti ikakauka. Dada, ulimi uliomwambia aache ulitumia dakika tano. Huu wa kumwambia arudie nimeutumia saa mbili, haukufaa kitu. Sijui nifanye nini.

Mdogo wako


1 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba.

Wasichana watabaki na oveni, nimewaachia keki mbili ndogo zisizo na harusi.

Alhamisi napanda basi la asubuhi. Nikifika usinipikie, usinipambie, usinieleze chochote. Nipeleke moja kwa moja kwa fundi saa. Wewe utabaki nje na mke wake, na akitaka kukupiga, simama tu.

Mimi nitaingia peke yangu. Daktari ameshindwa naye, acha akutane na mgonjwa mwenzake. Nitamwambia nilitafuna jani kila siku, asubuhi, mchana na jioni, sikusahau hata siku moja.

Dada yako